Upande wa Kurwa

Kwenye kiwanda cha mikate alikokuwa akifanya kazi walimwita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alisimama mwisho wa mkanda, pale mikate inapotoka kwenye mashine ya kukata, akaitia kwenye mifuko na kuifunga, na muda wote huo mdomo wake haukujua likizo. Alisimulia habari za jirani yake anayefuga bata wasiotaga, akamwigiza msimamizi anavyotembea akiwa amekasirika, akawauliza wenzake maswali na kuyajibu mwenyewe. Msimamizi alijaribu kumhamishia chumba cha unga, ambako mashine zinanguruma na mtu hasikiki hata akipiga yowe. Kabla juma halijaisha, wanawake wa kwenye mkanda walikwenda kumwomba amrudishe, maana zamu zilikuwa zimegeuka ndefu kama kiangazi.

Aliolewa na seremala, mwanamume mrefu mwenye maneno machache. Watu walitania kwamba Mungu hakukosea vipimo: mke kapewa maneno ya wote wawili, mume kapewa masikio ya wote wawili. Walikaa miaka bila mtoto. Mimba ilipoingia hatimaye, daktari akampitishia kile kifaa cha baridi tumboni, akatazama kioo kwa muda, akamwambia ni mapacha. Chiriku alitoka pale akamweleza kila aliyekutana naye, hata mwanamke asiyemjua kabisa aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kuitwa.

Kiwandani wakaanza kumwita Mama Kurwa, kwa kuwa pacha wa kwanza kutoka ndiye Kurwa, wa pili ndiye Doto, na mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mwenyewe alikuwa amekwisha wagawa. Kurwa yuko kulia, alisema, mpole, anapiga teke moja halafu anatulia kuona limepokewaje. Doto yuko kushoto, mkorofi, halali wala halazi. Hata kunyonya atawapangia mapema wasije wakagombana: ziwa la kulia la Kurwa, la kushoto la Doto, na atakayevuka mpaka atamjua mama yake ni nani. Wenzake walicheka mpaka mikate ikajazana kwenye mkanda.

Watoto hawakungoja wakati wao. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumsaidia, alikuwa hajafungua hata begi lake vizuri uchungu ulipoanza. Kurwa alitoka kwa nguvu za mama yake, msichana, na Chiriku alimsikia akilia mara moja, kilio chembamba kama bawaba ya mlango mdogo. Hakumwona. Wauguzi walimchukua mbio, na Doto alikuwa amekaa vibaya, ikabidi mama apelekwe chumba cha upasuaji. Alipozinduka alikuwa na dripu mkononi, mshono tumboni, na mtoto wa kiume kifuani. Wakamwambia wa kike yuko kwenye chumba cha joto, anasaidiwa kupumua, na yeye asijaribu kuinuka maana damu iliyompotea ni nyingi. Homa ikampanda, akawa anaelea, siku hazijui zinaanzia wapi. Kila alipopata fahamu aliuliza habari za Kurwa, na kila aliyemjibu alimwambia apumzike.

Seremala ndiye aliyemwambia. Alikuja asubuhi, akasimama badala ya kukaa, ingawa kiti kilikuwapo.

“Kurwa ametangulia,” alisema. “Tumeshamsitiri.”

Chiriku aliuliza lini. Jana, mumewe akasema. Akauliza kwa nini hawakumngoja, kwa nini hawakumletea hata amtazame. Seremala aliangalia miguu ya kile kitanda cha chuma, mmoja baada ya mwingine, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Doto akaanza kulia. Chiriku akamweka kwenye ziwa la kushoto.

Aliporudi nyumbani alikuta vyumba vyao viwili vimefagiliwa na kupangwa upya. Vitu vilivyokuwa viwili viwili vilikuwa kimoja kimoja. Beseni moja la kuogeshea mtoto, shuka moja ya kubebea, kofia moja. Mama mkwe alikuwa amegawa vilivyobaki kwa watu wa mbali, ambao Chiriku asingekutana na watoto wao njiani. Alifanya hivyo kwa huruma, na mkwe wake alilijua hilo. Alisimama tu mlangoni na mtoto mikononi, akihesabu kwa macho vitu visivyokuwapo.

Siku hiyohiyo mama mkwe alimsikia akimbembeleza mtoto kwa jina la Doto. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini, asiyezunguka maneno.

“Mwanangu, jina hilo liache,” alisema. “Ukimwita Doto, kila mtu atauliza Kurwa yuko wapi. Utaweza kujibu kila siku? Mtoto ana jina alilopewa na baba yake. Mwite hilo.”

Tangu hapo Chiriku akawa anamwita Doto wakiwa wawili tu. Mbele za watu alimwita mtoto. Mama mkwe naye alimwita mume wangu, akimlalamikia kila asubuhi alipokuwa akimwogesha: mume gani huyu, ameletewa mke mtu mzima, na bado anakojoa kitandani, wala hana haya. Wageni walicheka. Seremala alitabasamu kidogo. Chiriku alikaa kando na taulo, akingoja kupokea mtoto.

Wageni walikuwa wengi, maana alipendwa. Kila mmoja alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akampakata mtoto, akasema anafanana na baba yake, kisha akashusha sauti. Ashukuru amebakiwa na mmoja, walimwambia. Kuna wenziwe wanatoka hospitali mikono mitupu. Mungu hakupi kilema akakunyima mwendo. Chiriku alijibu nashukuru. Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka likaisha ladha, kama kitu kilichotafunwa siku nzima. Wanawake wa kiwandani walikuja kwa pamoja, na mara tu walipoingia alitambua kwamba hawajui wamwite nani. Mama Kurwa hawakuweza. Chiriku nalo lilikuwa jina la mtu anayecheka. Wakamwita “wewe”. Wewe, unaendeleaje? Wewe, unakula? Aliwatazama, akawaonea huruma, akawaambia anaendelea vizuri. Walipotoka, aliwasikia wakiwa nje ya lango wamenyamaza wote, wale wanawake ambao hata msimamizi hakuwaweza.

Doto alikuwa mdogo, ngozi imemlegea mapajani kama soksi ya kuazima. Alilia kwa hasira, uso ukamwiva, ngumi zimekazwa. Chiriku alijifunza kazi yote ya mtoto, na aliifanya bila kukosea. Alijua maji ya kuoga yawe na joto gani kwa kutumbukiza kiwiko. Alisafisha kitovu mpaka kikadondoka. Alifua nepi na kuzianika juani, akazikunja kwa kona zilizolingana, akamcheulisha mtoto begani kwa kumpigapiga mgongoni. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ana mkono wa mzazi, na hakuwa anatia chumvi. Lakini kicheko kilimhama, na maneno yakafuata. Ndani ya nyumba iliyozoea sauti yake, sasa kilisikika kifuniko cha sufuria, na mtoto, na bomba la uani likidondosha maji.

Jambo moja hakuna aliyeliona. Doto alinyonya kushoto tu. Maziwa ya kulia yalijaa kama ya kushoto, mwili haukuwa umepewa taarifa, na kila mtoto alipolia yalitoka yenyewe yakalowesha nguo. Chiriku aliyakamua kwenye kikombe, akatoka uani, akayamwaga chini ya ukuta, polepole, kama anayemnywesha mtu. Mama mkwe alimwona na kudhani ni ya ziada. Hata akawasifia majirani kwamba nyumba hii maziwa yanamwagwa. Chiriku mwenyewe, kama ungemuuliza wakati ule, asingeweza kukueleza. Alijua tu kwamba akimsogeza Doto upande ule, mkono ulikataa. Alikuwa amekwisha kuwagawia, kila mmoja chake. Kumpa huyu cha mwenziwe ilikuwa kama kukubali kwamba mwenziwe harudi kukidai.

Basi Doto hakunenepa. Kliniki walimpima, wakashika kidevu, wakamwambia mama anyonyeshe mara nyingi zaidi. Mama mkwe akaanza kumpikia uji mwepesi mchana na jioni ili maziwa yaongezeke, na Chiriku akaunywa wote bila kubisha. Yakaongezeka kweli, pande zote mbili. Wiki iliyofuata uchovu ulimzidi, akaanza kuacha kukamua. Ziwa la kulia likavimba, likawa gumu kama jiwe, likawaka. Alijifunga kitambaa na kuvaa nguo pana. Mama mkwe alipomwona anatetemeka huku amejifunika mchana wa jua kali, alimgusa shingo, akachukua mtoto, akamwambia avae viatu.

Muuguzi waliyemkuta kliniki alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpima Doto kwanza. Uzito ulikuwa uleule wa mara iliyopita. Akamwomba mama akae kitandani, akafungua kitambaa kile, akavuta pumzi.

“Mtoto ananyonya upande huu?”

Chiriku alitikisa kichwa.

“Tangu lini?”

“Hajawahi.”

Muuguzi alivaa miwani. Alimuuliza kama chuchu ina kidonda, kama mtoto anakataa, kama inauma. Hapana, hapana, hapana. “Sasa kwa nini humpi?”

“Hilo si lake,” alisema Chiriku.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi ukutani na mtoto mapajani. Aliinua kichwa.

“Ni la nani?” muuguzi akauliza, kwa sauti ileile, kama anayeuliza umri.

“La Kurwa.”

Nje ya pazia mtoto wa mtu alikuwa akilia kwa kuchomwa sindano, na mama yake akimwambia yameisha, yameisha. Muuguzi alivuta kiti akakaa. Hakumwambia ashukuru. Alimuuliza Kurwa alikuwa wa kike au wa kiume, aliishi muda gani, na kama yeye alimwona. Chiriku alijibu kwamba alimsikia tu. Akaeleza kile kilio. Alijaribu kukiiga, sauti ikakatika katikati, na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akalia kwa mwili mzima mpaka mshono ukamuuma. Muuguzi alimshika goti, akangoja.

“Kurwa hasikii njaa tena, mama,” alisema baadaye. “Njaa amebaki nayo huyu. Ukimpa, humnyang'anyi dada yake.” Kisha akamwambia jambo jingine, akiwa anaandaa dawa na amempa mgongo: aliyemzika ndiye aliyemwona, basi amuulize.

Ziwa lile lilikuwa limeshatunga usaha. Daktari wa chumba cha pili alilipasua. Likapona taratibu, lakini maziwa ya upande ule yalififia, na Doto alipowekwa hapo alivuta kidogo, akalalamika, akarudi kushoto kwenye riziki aliyoizoea. Chiriku alimweka hapo kila siku hata hivyo. Aliona ni haki ya wote wawili. Kliniki walimwongezea mtoto maziwa ya kopo, na mashavu yakaanza kujitokeza.

Siku ile ya kliniki, mama mkwe alimbeba mtoto njia nzima ya kurudi. Walipofika alichota maji, akamvua mtoto, akaanza kumwogesha kama kawaida, kiganja kimoja kimebeba kichwa chote.

“Doto, inua mkono,” alisema. “Doto, tulia basi nikusafishe kwapa.”

Chiriku alikuwa amesimama na taulo.

“Mimi wa kwangu nilifundishwa kumnyamazia,” mama mkwe akasema bila kugeuka. “Nilidhani ndiyo dawa.” Alimimina maji kichwani mwa mtoto, polepole, akaziba macho yake kwa kiganja yasiingie sabuni.

Homa ilipokwisha na miguu ikapata nguvu, Chiriku alimbeba Doto mgongoni akaenda karakana. Kwa muda mrefu mumewe alikuwa akitoka alfajiri na kurudi watu wamekwisha kula, akisema kazi zimemzidi, na yeye hakuwa na nguvu za kumuuliza kazi gani. Alimkuta peke yake, anapiga randa ubao ambao ulikuwa umekwisha nyooka, maranda yamejaa mpaka vifundoni. Alipomwona mkewe aliacha, akafuta stuli kwa shati lake ili akae.

Chiriku hakukaa. Alimwambia, “Nieleze alivyokuwa.”

Seremala aliweka randa chini, akaiinua tena, akailaza ubavu ili makali yasiharibike. Kisha akaanza kusema, na yule mtu wa maneno machache akasema mengi kuliko siku aliyomposa. Alisema Kurwa alikuwa na nywele nyingi kumpita huyu, nyeusi, zimemlala mpaka masikioni. Vidole virefu kama vya mama yake. Kwenye chumba kile cha joto waliwahi kumruhusu kuingiza kidole kimoja kwenye tundu la pembeni ya kitanda chake cha kioo, na mtoto alikishika, akakibana. Hakujua mtu mdogo vile anaweza kubana. Alikuwa bado ameshikwa wakati mashine ilipoanza kupiga kelele na wauguzi wakamtoa nje.

Sanduku alilitengeneza mwenyewe, palepale kwenye meza ile. Mjomba wake alitaka wakanunue, akakataa.

“Ndani nilipiga msasa zaidi kuliko nje,” alisema. “Nje hakuna atakayegusa. Ndani nilipitisha mkono mara nyingi, nisiache hata kibanzi.”

Chiriku alimuuliza walimfunika nini. Blanketi la njano, akasema, lile lenye vifaranga. Chiriku alikuwa amelitafuta blanketi hilo na kuamini nalo limegawiwa. Akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa zito, alilinunua kwa sababu hiyo, hapo atakuwa hakupata baridi.

“Na mimi mbona hukunileta nimwone?”

“Walisema utakufa na wewe,” alisema seremala. “Ulikuwa huwezi hata kuinua kichwa. Nikaona nitazika wawili.” Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao, likamganda mashavuni. “Labda nilikosea. Nimekuwa naogopa uniulize. Ndiyo maana nachelewa.”

Hapo Chiriku akakaa kwenye ile stuli. Alimfungua Doto mgongoni, akampa baba yake, na seremala akampakata vile alivyo, na maranda kwenye nywele zake. Walikaa hivyo mpaka mteja mmoja akaja kuulizia meza yake, akawatazama, akasema atarudi kesho.

Walikwenda makaburini mwisho wa juma, wote wanne, asubuhi kabla jua halijawa kali. Palikuwa na tuta dogo kuliko yote ya safu ile, na ubao uliochongwa vizuri, neno moja tu. Chiriku alichuchumaa, akang'oa majani yaliyoanza kuota, akasawazisha udongo kwa kiganja kama anavyosawazisha godoro. Alimwambia Kurwa kwa sauti kwamba mdogo wake ameanza kunenepa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na husema kwa wepesi. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma kidogo, anatazama upande mwingine wa makaburi, mbali, mahali ambapo hapakuwa na mtu wao.

Hakupona siku ile, wala mwezi ule. Kulikuwa na asubuhi alizoamka vizuri, akamwogesha mtoto akimsimulia habari za bata wa jirani, kisha akamwona mwanamke njiani amebeba mtoto wa kike, na siku nzima ikaharibika. Alijifunza kumjibu anayeuliza. Akiulizwa mbona huyu anaitwa Doto, alisema Kurwa alitangulia, na wengine walinyamaza, wengine wakasema pole, na mara moja muuza mboga akaweka kapu lake chini na kumweleza habari za mtoto wake mwenyewe, wa zamani sana, ambaye hakuwahi kumtaja kwa mtu.

Mama mkwe aliondoka Doto alipoanza kukaza shingo. Kwake nako walikuwa wanamhitaji. Alimuaga mume wake mdogo kwa maonyo marefu juu ya wanawake wengine, akamwelekeza mkwe wake namna ya kuwasha jiko bila moshi kumfikia mtoto, na wakati gari linaanza kuondoka alitoa mkono dirishani akamshika Chiriku kichwani, kama anayepima kama kuna homa. Nyumba ikabaki na watu watatu. Likizo ilikuwa inaelekea kwisha, na Chiriku alianza kufikiria mkanda, na mikate, na wenzake watamwita nani.

Mchana mmoja alikuwa uani anaanika nepi. Doto alikuwa amelala chali kwenye mkeka, kivulini. Upepo ukaipuliza nepi iliyolowa ikampiga Chiriku usoni, pwaa, na Doto akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza, cha tumboni, kizito kupita mwili wake. Chiriku aligeuka. Akajipiga nepi usoni tena kwa makusudi, na mtoto akacheka tena, na yeye akacheka, sauti ile ya zamani ikatoka kabla hajaikaribisha, majirani wakaisikia. Walicheka hivyo, mama na mwana. Kisha akaona jinsi upande wa pili wa mkeka ulivyo mtupu, akakaa kwenye kizingiti na nepi mbichi mapajani, akalia.

Seremala alipokuja kula alimkuta hapo. Alimwinua mtoto, akamweka mapajani mwa mama yake, akaichukua ile nepi, akazianika zilizobaki kwenye beseni, moja moja, kona zikiwa hazijalingana hata kidogo.